Nyumbani au Ng'ambo? Mechi Kumi za Vigarimoshi, Kuanzia Mkiani

Chukua treni yoyote ya mfano, zile ndogo za kuendeshwa mezani, uipindue tumbo juu. Kati ya magurudumu pana maandishi madogo kuliko yale ya kwenye pakiti ya Panadol: jina la nchi ilikotengenezwa. Maneno hayo machache yamewagombanisha wapenzi wa vigarimoshi kwa miaka zaidi ya arobaini. Mmoja anaapa kwamba treni ya kweli ni ile iliyotengenezwa nyumbani, Ujerumani kwa Mjerumani, Marekani kwa Mmarekani. Mwenzake anamjibu kwamba bila viwanda vya Guangdong huko China, wengi wa wanaobishana wasingemudu hata behewa moja.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki zote za kuingilia ugomvi huu. Treni zetu kubwa zenyewe zilikuja na meli. Vichwa vya mvuke vya Garratt, daraja la 59, vilitoka Manchester. Reli ya TAZARA ilijengwa na Wachina. Madaraka Express ya Kenya inavutwa na vichwa vya Kichina, na SGR ya Tanzania inavutwa na vichwa vya umeme kutoka Korea Kusini. Abiria wakapanda, safari zikaendelea. Mtu wa kwetu akiletewa chombo cha mbali huuliza swali moja tu, lile la gereji: spea zipo?

Basi hicho ndicho kipimo changu. Simpi alama mtu kwa bendera. Nampa kwa kuwa karibu na mkono unaomfanyia kazi, kiasi kwamba kitu kikiharibika anajua nani wa kukitengeneza. Nimepanga kumi, kutoka mkiani hadi kwenye kichwa. Utabisha, na ubishe. Ila usiruke hadi namba moja. Nakuona.

10. Lionel yahamia Tijuana

Joshua Lionel Cowen alianzisha kampuni yake New York mwaka 1900, na kwa vizazi vya watoto wa Kimarekani Krismasi ikawa ni treni ya Lionel inayozunguka chini ya mti. Miaka ikapita, kampuni ikaangukia mikononi mwa General Mills, wale wauza nafaka za asubuhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaamua kuhamisha kazi kutoka Michigan kwenda Tijuana, Mexico, kufuata mishahara ya chini.

Mashine zikaenda, kalibu zikaenda. Waliozijua wakabaki Michigan. Na kalibu kuukuu ina tabia zake kama jiko la mkaa: hii inataka kupashwa kwanza, ile ukiiharakisha inang'ang'ania plastiki. Hayo hayakuandikwa popote. Treni zikachelewa, malalamiko ya ubora yakafurika, na kufikia katikati ya muongo huo kazi ikarudi Michigan. Wafanyakazi wa Tijuana wasilaumiwe. Walikabidhiwa jiko la watu bila kuonyeshwa chumvi iko wapi.

Hukumu: Ng'ambo haikushindwa, haraka ndiyo iliyoshindwa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kalibu hupanda lori, ujuzi huja kwa miguu.

9. Michoro iliyohama Korea

Mwaka 2000, kampuni ya MTH ya Maryland iliishtaki Lionel ikidai michoro yake ya siri imetumiwa na kiwanda cha Korea Kusini kilichokuwa kikiifanyia Lionel kazi. Mwaka 2004 baraza la wazee wa mahakama huko Detroit likaipa MTH zaidi ya dola milioni 40. Novemba mwaka huohuo Lionel ikakimbilia ulinzi wa sheria ya kufilisika. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu ile, na mwishowe pande mbili zikapatana.

Sasa tazama picha nzima. Lionel ilikuwa imefunga kiwanda chake cha mwisho Marekani mwaka 2001. Hivyo kampuni mbili za Kimarekani zikagombana kwenye mahakama ya Kimarekani kuhusu michoro ya treni za Kimarekani, na kisa chote kilitokea kwenye viwanda vya bara lingine. Mawakili walikula vizuri kuliko mafundi.

Hukumu: Ukipika kwa jirani, mapishi yako yanajulikana mtaa mzima. Alama mbili kati ya kumi, zote za mahakama ya rufaa.

8. Hornby na unga uliopelekwa kwa mshindani

Mwaka 1901 Frank Hornby wa Liverpool alipata hataza ya mchezo wa vyuma uliokuja kuitwa Meccano, na mwaka 1920 akaanza kuuza treni. Baada ya misukosuko mingi jina lake likahamia Margate, mji wa pwani huko Kent. Kisha, katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, kazi ikapelekwa China.

Tuseme haki kwanza. Mikono ya Guangdong iliwapa Waingereza treni bora kuliko walizokulia nazo. Vishikio vya waya vilipachikwa kimoja kimoja mahali ambapo zamani palikuwa na tuta tu la plastiki, na herufi zilipigwa chapa ndogo hivi kwamba unahitaji miwani kuzisoma. Kwa bei ile, Margate isingeweza.

Fundo likaja baadaye. Mwaka 2008 Sanda Kan, kiwanda kikubwa kilichokuwa kikiitengenezea Hornby, kilinunuliwa na Kader, mmiliki wa Bachmann. Na Bachmann ndiye mshindani mkuu wa Hornby. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mzigo ukaanza kuchelewa, madukani rafu zikabaki wazi, na mwaka 2012 Hornby ikalazimika kuwaonya wenye hisa kuhusu faida. Ndipo ikatawanya kazi kwa viwanda kadhaa.

Hukumu: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hornby haikufa, ilikonda. Mwenye duka la pili akikukandia maandazi, hata awe mwaminifu namna gani, foleni ni yake.

7. Ugonjwa wa zinki

Mashabiki wa "nyumbani tu", kaeni chini kidogo.

Treni nyingi zina sehemu nzito za aloi ya zinki, ili zishike reli vizuri. Zinki ile ikichafuliwa na risasi wakati wa kuyeyushwa, hata kidogo, inaanza kujila yenyewe ndani kwa ndani. Kwanza fremu inavimba kama mlango wakati wa masika. Magurudumu yanabana. Kisha nyufa laini zinatokea, nyembamba kama unywele, na rangi inajikunja. Siku moja unakinyanyua kichwa kutoka kwenye boksi na fremu inabaki vipande, kama biskuti iliyosahauliwa kwenye unyevu. Dawa hakuna. Ukipaka gundi unamvisha maiti suti.

Na ugonjwa huu hauna pasipoti. Umekula treni za Liverpool zilizotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na umekula treni zilizotoka China katika karne hii. Treni iliyofungwa utepe wa "mali ya nyumbani" ilioza sawasawa na ile iliyovuka bahari. Mwenye tanuri aliyebana matumizi ni yuleyule, awe anakunywa chai ya maziwa au chai ya kijani.

Hukumu: Kikulacho ki nguoni mwako. Sare ya bao moja kwa moja, kila upande umejifunga.

6. Bachmann, au mpishi aliyenunua hoteli

Bachmann ilianza Philadelphia mwaka 1833, na haikuanza na treni. Ilikuwa ikitengeneza vitu vya urembo, vitana na mipini ya miavuli. Treni zilikuja zaidi ya karne moja baadaye, na kazi ya kuzitengeneza ikafanywa Hong Kong na Kader, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1948 na Ting Hsiung-chao. Katika miaka ya 1980 yule aliyekuwa akitengeneza akainunua kampuni aliyokuwa akiitengenezea. Baadaye akaingia Uingereza na kununua pia Graham Farish, waliokuwa wakitengeneza vitreni vyao Poole, Dorset, na kazi hiyo nayo ikaelekea China.

Hapa ndipo ubishi wa nyumbani na ng'ambo unapovunjika mguu. Mmiliki yuko Hong Kong, kiwanda kiko China, mnunuzi yuko Pennsylvania. Niambie wewe, nyumbani kwa Bachmann ni wapi? Nasema ni kwenye kiwanda, na Philadelphia ndiyo ng'ambo. Mshabiki wa Philadelphia asinirushie vitana.

Hukumu: Katikati ya jedwali, kwa heshima. Mpishi akishanunua hoteli, usimwite tena mgeni jikoni.

5. Shaba ya Japani, halafu ya Korea

Baada ya vita kwisha mwaka 1945, askari wa Kimarekani waliokuwa Japani waligundua mafundi wenye mikono ya ajabu. Ukiwapa mchoro na picha, wanakutengenezea kichwa cha treni cha Kimarekani kwa shaba ya njano, kichwa ambacho wao wenyewe hawajawahi kukiona kikipita. Bati la shaba linakatwa, linakunjwa, kisha vipande kwa mamia vinaunganishwa kwa lehemu: kengele, bomba la mchanga, ngazi yenye vidaraja vyembamba kama njiti ya kiberiti. Lehemu ikizidi inafunika misumari, ikipungua ngazi inadondoka. Fundi alipaswa kujua pale katikati, kila mara, siku nzima.

Mishahara ya Japani ilipopanda, kuanzia miaka ya 1970 kazi hii ikavuka mlango wa bahari kwenda Korea Kusini, kwa mafundi kama wa Samhongsa. Na hapa Wamarekani walewale wanaonuna wakisikia "ng'ambo" walifungua pochi bila kunung'unika. Treni hizi zilikaa kwenye kabati la vioo sebuleni, na watoto walikatazwa hata kuzipumulia.

Na Hyundai Rotem ya Korea hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza vichwa halisi vinavyotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Akija Mkorea kwenye kijiwe chetu, mwachie kiti.

Hukumu: Ng'ambo inashinda hapa, tena kwa mbali. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kilichoizuia kupanda zaidi ni spea: kilichotengenezwa kwa mkono mara moja hakina cha kubadilisha.

4. PIKO, mguu mmoja huku, mmoja kule

PIKO ilizaliwa Ujerumani Mashariki mwaka 1949. Ukuta ulipoanguka, viwanda vingi vya upande ule vilianguka nao. Mwaka 1992 René Wilfer akainunua PIKO na kuendelea nayo Sonneberg, mji wa Thuringia ulioishi kwa kutengeneza wanasesere na vitu vya kuchezea tangu enzi za mababu.

Sasa angalia alivyogawa kazi. Treni kubwa za bustanini zinatengenezwa Sonneberg. Zile ndogo za mezani zinatengenezwa Chashan, Dongguan, huko China, kwenye kiwanda cha PIKO yenyewe. Rudia kusoma maneno mawili ya mwisho. Hakukodi kona kwenye kiwanda cha mtu. Alijenga jiko lake, akaweka watu wake, akakaa na ufunguo mfukoni. Kalibu ikileta tabia, anayejua tabia zake amelipwa na kampuni hiyohiyo.

Mshabiki wa nyumbani ananong'ona kwamba bado ni China. Ndiyo. Na mtu akijenga nyumba ya pili Tanga akiwa na ya kwanza Moshi, ile ya Tanga si ya kupanga.

Hukumu: Ng'ambo iliyofanywa kwa adabu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, basi yeye aliifuata fimbo hadi kule.

3. Märklin yarudi zizini

Märklin wa Göppingen wana umri wa kuheshimiwa: tangu 1859. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya Leipzig, walionyesha treni ya bati ikizunguka kwenye reli yenye umbo la nane, na wakaja na vipimo maalumu vya upana wa reli. Maana yake mtoto akipewa treni mwaka huu, mwakani atadai behewa lingine litakaloingia bila tabu. Mfanyabiashara aliyegundua hilo angepewa sanamu Kariakoo.

Februari 2009, katika mwaka wao wa 150, wakaomba kinga ya kufilisika. Sehemu ya kazi ilikuwa China. Wakaanza kuirudisha, Göppingen na kwenye kiwanda chao cha Győr, Hungaria. Mwaka 2013 familia ya Sieber, wenye Simba Dickie, ikaichukua kampuni.

Najua unachotaka kusema: Hungaria si Ujerumani! Kweli. Lakini lori likitoka Győr leo, kesho liko Göppingen, na fundi akiona kasoro asubuhi anaweza kuishika mkononi kabla wiki haijaisha. Meli ya kutoka Guangdong ingekuwa bado baharini na kasoro elfu moja ndani yake. Na kwenye kipimo chetu cha gereji, Märklin ni mbabe: kichwa chao cha miaka ya 1950 bado kinatembea kwenye reli wanazouza leo. Babu na mjukuu wanacheza kwenye meza moja bila mtu kununua adapta.

Hukumu: Ng'ombe akivunjika mguu malishoni, hukimbilia zizini kusaidiwa. Zizi lina vyumba viwili, lakini boma ni moja.

2. Kato, wa nyumbani na wa ng'ambo kwa pamoja

Kato wa Japani walianza mwaka 1957, na mwaka 1965 wakaleta treni zao za kwanza za geji ya N, ambayo reli yake ina upana wa milimita 9. Kazi wameishikilia Japani mpaka leo. Vipande vya reli zao vinaungana kwa mlio mmoja mkavu, "tak", na hapo hapo umeme unapita. Mtoto wa miaka sita anaweza. Mtu mzima naye anaweza, ila atarudia mara tatu kwa raha ya kuusikia mlio tu.

Sababu ya kumpandisha hadi hapa ni hii. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Atlas ya New Jersey iliwapa Kato kazi ya kutengeneza vichwa vya treni za Kimarekani. Wamarekani wakaviweka kwenye reli na wakanyamaza: vilitembea polepole bila kushtuka, kama vya kweli vinavyoingia stesheni. Treni ileile, kwa Mjapani ni mali ya nyumbani, kwa Mmarekani ni mali ya ng'ambo. Ubora ulibaki pale pale, jina tu ndilo lililobadilika kulingana na aliyeshika boksi.

Na spea? Kato wanauza vipuri vya treni zao vikiwa vimefungwa kimoja kimoja kwenye vipakiti. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, angelia machozi ya furaha.

Hukumu: Mcheza kwao hutunzwa, na Kato wanatunzwa kwao na kwa watu. Unaona namba mbili ni ndogo mno? Subiri.

1. Kadee na Peco, wafalme wa vitu vidogo

Nafasi ya kwanza imegawanywa, na hakuna hata mmoja wa washindi anayejulikana kwa kuuza treni nzima. Anza kupiga kelele.

Peco wanatengeneza reli. Sydney Pritchard aliianzisha mwaka 1946, na kazi inafanywa Beer, kijiji cha pwani ya Devon, Uingereza. Wakati Margate na Poole walipokuwa wakifungasha kalibu kwenda China, reli ziliendelea kutoka Devon. Treni zilizozaliwa Guangdong zinashuka melini na kutembea juu ya reli za kijijini.

Kadee wanatengeneza ndoano ya kuunganisha mabehewa. Ndugu wawili mapacha, Keith na Dale Edwards, waliunganisha herufi zao K na D, na kiwanda kipo White City, Oregon. Shika ndoano moja uitazame. Ni ngumi ndogo ya chuma, inayofumba na kufumbua. Chini yake unaning'inia waya uliopinda, kama mpira wa breki wa behewa halisi. Ukilegeza treni kidogo juu ya sumaku iliyofichwa kwenye njia, sumaku inauvuta waya pembeni, ngumi zinafunguka, na behewa linabaki pale bila mkono kuligusa. Ndani ya ngumi ile pana springi ndogo kuliko punje ya mchele. Ikikuruka kwenye kibano, piga magoti, tambaa kwenye zulia, na umwombe mwenye nyumba asifagie.

Hataza ilipoisha muda wake, waigaji wakaja na ndoano za plastiki za bei chee. Wapenzi wengi wa treni za Kimarekani wananunua treni iliyotoka China, wanaing'oa ndoano ya plastiki, na kuipachika ya Oregon. Na springi ikipotea, Kadee wanauza springi peke yake. Swali la gereji limejibiwa.

Hukumu: Nyumbani imeshinda, lakini si kwa sababu ya bendera. Imeshinda kwa sababu anayebuni ndoano na anayeipinda wanakula chakula cha mchana chini ya paa moja.

Sasa jumlisha mwenyewe. Tijuana ilikuwa ng'ambo ikaanguka, mafundi wa shaba walikuwa ng'ambo wakang'ara, na zinki ya Liverpool ilioza nyumbani kabisa. Weka mezani kichwa cha Guangdong, kipe reli ya Devon na ndoano ya Oregon, uwashe umeme. Kitatembea bila kuuliza nani mgeni.

Kwa hiyo ukikipindua tena kigarimoshi chako, isome ile nchi, iheshimu, kisha muulize muuzaji lile swali letu. Akisema spea zipo, lipa. Akianza kukusimulia habari za bendera, funga pochi. Na kama bado unaona Kato ndiye alistahili namba moja, njoo tubishane, ila njoo na springi ya akiba.